Sentensi ya Kweli

Mwalimu alikuwa na sharti moja lililowachosha wanafunzi wake: mfano uwe wa kweli. Ukiandika kwamba una baiskeli, uwe nayo. Aliyedanganya alisimama akafuta sentensi yake mbele ya wenzake.

Sasa sharti hilo lilimkaba mwenyewe. Kila siku baada ya kazi alimfundisha shemeji yake, fundi cherehani, mle mle chumbani mwake mwa kushonea, ili apasi mtihani wa Kiingereza amfuate mumewe ng'ambo. Na mume huyo, kaka yake Mwalimu, alikwisha kuoa mwingine huko na kupata mtoto. "Mfundishe tu, umtulize," alisema kwenye simu. Basi, bwana sharti akafundisha. Kila siku alijiambia atasema ukweli kesho, na kesho ikifika ulimi ulikuwa mzito.

Siku hiyo alikuta vitambaa vya wateja vimefungwa kwenye mifuko.

"Jumamosi nakabidhi ufunguo wa chumba hiki, nijiandae na safari," shemeji yake alisema.

Leo ndiyo leo, aliwaza Mwalimu. Kisha akaokota chaki ya kukatia nguo, akaandika juu ya meza nyeusi: "for" na "since". Maneno yote mawili ni ya muda, alieleza. La kwanza linataka urefu wake: siku mbili, miaka minne. La pili linataka pale ulipoanzia: Jumatatu, mwaka jana, siku ulipoondoka.

"Nipe sentensi mbili."

"Za kweli?"

"Za kweli, shemeji."

Shemeji yake aliandika taratibu, akamsogezea daftari. Ya kwanza ilisema mume wangu hayupo kwa muda wa miaka minne. Mwalimu akatia vema. Ya pili ilisema nimejua habari za mtoto tangu mwezi wa tatu.

Alitafuta kosa la kusahihisha, asilione.

"Mbona uliendelea kusoma?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Yule alishanitoka moyoni, lakini wewe nilikuita ndugu. Nikasema, leo hasemi, kesho atasema. Nikafunga hata mifuko, nione kama utaniacha nifunge na mlango." Alianza kuifungua, akirudisha vitambaa rafuni kimoja kimoja. "Nawe ukaokota chaki."

Mwalimu aliweka daftari chini. Alisimama, akaifuta meza kwa kiganja chake, mbele ya shemeji yake.