Mshahara wa Bi Alfajiri

Siku aliyoitwa na bodi kwenda kutaja mshahara wake, Bi Alfajiri aliamka na furaha ya kipuuzi kabisa. Alivaa kiatu kimoja, akasahau cha pili, akawa anazunguka chumbani akichechemea huku anaimba. Mumewe, fundi cherehani asiyependa kelele asubuhi, alichungulia kutoka ndani ya shuka.

"Mke wangu, ndiyo unaenda hivyo hivyo na kiatu kimoja?"

"Mkurugenzi mtendaji anavaa viatu anavyotaka!"

"Bado kaimu."

"Kaimu mpaka saa nne, baba. Saa nne hii hii!"

Akambusu kwenye upara, akatafuta kiatu chini ya kitanda, akatoka mbio kama mtoto anayekwenda kupanda bembea.

Jina la Bi Alfajiri alipewa na wasikilizaji. Aliingia kwenye kampuni ile ya habari akiwa binti mdogo, akapewa kusoma matangazo ya vifo, kazi ambayo kila mtu aliikimbia. Akayasoma kwa upole mpaka watu wakaanza kuusia kwamba wakifa watangazwe na yule yule. Wakampandisha kwenye taarifa ya habari, kisha wakampa kipindi cha alfajiri, kisha akawa mkuu wa redio, na mkuu wa televisheni alipohama, televisheni nayo ikamwangukia mikononi. Kila alipopanda cheo aliambiwa, "Suala la mshahara tutaliangalia." Naye kila mara alijibu, "Hamna shida kabisa," akashukuru, akafunga mlango polepole asije akawasumbua. Ulikuwa ujinga, na mwenyewe alijua kuwa ni ujinga. Ila kuomba pesa kulimtia haya kuliko kuombwa.

Halafu Bwana Kiyoyozi akaondoka. Huyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi mtendaji, na jina alilipata kwa kuigeuza ofisi yake kuwa jokofu, watu wakawa wanaingia mle na makoti. Siku moja akahamia kampuni nyingine bila hata kuaga korido ya kwake. Bi Alfajiri akakalishwa kwenye kiti kile kama kaimu, mshahara ukiwa ule ule wa zamani, na kabla mwaka haujaisha gazeti lilikuwa linauzwa tena, televisheni imepata watazamaji, na wenye biashara wanapanga foleni kuleta matangazo yao. Bodi ikakaa, ikakubaliana: kiti ni chake. Kilichobaki ni mshahara, na walimtaka autaje mwenyewe.

Alichokitaka ni kitu kimoja tu. Alipwe alichokuwa akilipwa Bwana Kiyoyozi. Asipewe zaidi, na asipunjwe hata senti. Kiti ni kile kile, maumivu ya kichwa ni yale yale, na yeye kazi alikuwa ameifanya vizuri zaidi, hilo hata wenye wivu walilikubali.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua Bwana Kiyoyozi alilipwa kiasi gani. Nyumba nzima ya waandishi wa habari, watu waliofukua siri za mawaziri na matajiri, haikujua mshahara wa bosi wake mwenyewe! Kilichokuwepo ni namba ya korido, iliyotoka kwa dereva, ikapita kwa mhudumu wa chai, ikafika chumba cha habari ikiwa imeshaapiwa. Namba hiyo ilikuwa kubwa. Bi Alfajiri alipoisikia mara ya kwanza ilibidi akae.

Jana yake alikuwa amepita kwa dada yake mkubwa, ambaye alikuwa na duka la makochi, na katika ukoo mzima hakuna aliyemshinda kwa kupatana bei. Dada mtu alimkalisha kwenye kochi lililokuwa bado kwenye nailoni, akavuta kiti mbele yake.

"Mimi ndiye mwenyekiti wa bodi. Haya, nitajie."

Bi Alfajiri akataja namba ya korido. Dada mtu akamkazia macho, asiseme kitu. Nailoni ikalia mchakacho. Bi Alfajiri akakohoa.

"Lakini dada, nadhani hata ikipungua kidogo..."

"Ona sasa!" Dada mtu alipiga paja. "Nani amekwambia upunguze? Mimi nimesema neno?"

"Umenyamaza."

"Ndiyo! Nimenyamaza! Mdogo wangu, bei unaitaja, halafu unafunga mdomo. Hata akuangalie mpaka macho yamtoke, wewe funga mdomo. Atakayeanza kusema ndiye atakayelipa."

Wakarudia. Wakarudia tena, wateja wakaingia na kutoka, na kila mara Bi Alfajiri alishindwa. Mara ya mwisho alijikaza mpaka machozi yakamlenga, halafu akapasuka, "Dada, makochi haya ni ya mninga?" Wakacheka mpaka wakaegemeana.

Lakini kumlaumu ni kumwonea. Mtu wa redio hufundishwa kuogopa ukimya kabla hajafundishwa kushika maikrofoni. Msikilizaji akisikia kimya anadhani redio yake imekufa, anahamia stesheni nyingine, na akihama harudi. Pale kazini kulikuwa na desturi kwamba mtangazaji akiacha hewa ikae kimya, hata kama ni kwa kupoteza karatasi, anawanunulia soda wote waliomo kwenye jengo, mlinzi wa getini naye ndani. Bi Alfajiri, tangu aanze kazi, hakuwahi kununua soda hata moja. Umeme ulikatika, akasema. Mgeni alizimia studio, akasema huku anampepea. Ndiyo ilikuwa sifa yake kuu, na ndiyo aliyoingia nayo kwenye chumba cha bodi.

Chumba kilikuwa na meza ndefu ya kung'aa na viti vizito vinavyozunguka. Mwisho wa meza alikaa mwenyekiti, baba mnene mwenye sauti nene, ambaye ujanani alikuwa mtangazaji wa mpira, na mpaka leo akisimulia hata safari ya kwenda kununua mkate unaweza kudhani kuna goli linakuja. Kulia kwake alikaa mhasibu mkuu, mama mwembamba mwenye miwani, aliyezilinda pesa za kampuni kuliko za nyumbani kwake. Wajumbe wengine walikuwa wale wa kutikisa kichwa. Na pembeni, akiwakilisha wafanyakazi, alikaa fundi mitambo, aliyekuwa naye studio alfajiri zote zile, yeye ndani akisoma, fundi nje ya kioo akimwonyesha ishara.

"Karibu, Bi Alfajiri," alisema mwenyekiti. "Sisi maneno mengi hatuna. Tunakutaka. Tutajie unachotaka."

Akapiga moyo konde, akataja namba ya korido. Sauti ilitoka safi, kama anasoma taarifa ya habari. Akafunga mdomo.

Mwenyekiti akanyamaza. Mhasibu akavua miwani, akaiangalia, akaivaa. Wajumbe wakaangaliana. Kiyoyozi kikavuma.

Bi Alfajiri alijibana. Alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Akamkumbuka dada yake, akakumbuka nailoni. Akasikia ile hofu ya zamani, hewa iko kimya, watu wanahama, sema neno, sema lolote!

"Bila shaka," akasikia sauti yake ikisema, "namba hiyo inaweza kupungua kidogo."

Hakuna aliyejibu.

"Naweza kukatwa robo. Robo si kitu. Na gari la kampuni si lazima, gari langu linatembea, ukiacha mlango mmoja. Simu ninayo. Likizo sijawahi kwenda, sitaanza leo. Kipindi cha alfajiri nitaendelea kukitangaza mwenyewe, bure kabisa, maana saa hizo huwa niko macho tu."

Fundi mitambo alijifunika uso kwa viganja.

Alijisikia akianguka na hakuwa na breki. Alitoa posho ya nyumba. Alitoa matibabu, akasema ukoo wao hawaumwi ovyo. Akaahidi kuja na chai yake kwenye chupa. Akawauliza kama ofisi ile si kubwa mno, akasema meza ndogo pale karibu na ngazi ingemtosha. Na maneno ya maana yalipomwishia, ulimi ukarudi wenyewe kwenye njia uliyoizoea.

"Na huko nje naona anga ni jeupe, kijua kinachomoza taratibu, barabara kuu magari yanatembea vizuri. Saa za hapa studio ni saa nne na ushee. Usiende mbali, mpenzi msikilizaji, tupate matangazo mafupi, halafu tutarejea."

Akanyamaza.

Hakufanya hivyo kwa ujanja. Kwa miaka yote ya kazi yake, akishasema tupate matangazo, mdomo hujifunga wenyewe, maana sasa ni zamu ya mwingine. Aliketi pale, mikono juu ya meza, akisubiri matangazo ya sabuni yaanze.

Matangazo hayakuanza. Kimya kikatanda, kikakaa, kikanenepa. Na hapo ndipo ikaonekana kwamba mwenye ugonjwa ule hakuwa yeye peke yake. Mwenyekiti alikuwa anatapatapa. Alipangusa paji la uso. Alifungua mdomo, mhasibu akamkazia jicho, akaufunga. Shingo yake ikavimba. Mtu aliyewahi kutangaza dakika tisini bila kumeza mate angevumilia mpaka lini?

"Ninachoshangaa mimi," alilipuka, "ni hiyo namba yenyewe! Yule bwana tulikuwa tunamlipa mara mbili ya hiyo! Ile uliyotaja mwanzo, mara mbili yake! Sasa wewe unaomba nusu, halafu hiyo nusu unaikata robo, halafu unakuja na chai, nikawa najiuliza huyu mama anatutania au vipi!"

Kalamu ikamdondoka mhasibu. "Mheshimiwa Mwenyekiti!"

"Si nimeshasema? Imeshatoka!"

Bi Alfajiri aliwatazama. Mara mbili. Alizikumbuka zile "hamna shida" zake zote, na milango yote aliyoifunga polepole. Hasira ikampanda kutoka tumboni, furaha ikashuka kutoka kichwani, zikakutana kooni, zikaziba njia. Alitaka kusema nimekubali. Alitaka kusema wezi nyie. Alifungua mdomo, na sauti iliyojulikana nchi nzima haikutoka. Ilitoka pumzi tu.

"Hajaridhika," alinong'ona mjumbe mmoja.

"Mara mbili, basi!" alisema mwenyekiti upesi. "Sawa na yeye! Na gari, bila shaka, tena jipya!"

Bi Alfajiri akatikisa mkono kuonyesha kwamba koo limemkauka. Wakadhani anakataa.

"Na posho ya nyumba!"

"Na matibabu," akadakia mjumbe mwingine, "ya ukoo mzima!"

"Na meza itakuwa ile ile kubwa! Nani amesema karibu na ngazi? Na kipindi cha alfajiri ukikitangaza utalipwa mbali! Kwani sisi ni watu wa dhuluma?" Mwenyekiti alikuwa ameinuka, mkono hewani, anashuka na winga ya kulia. "Na karo za watoto! Mama, una watoto? Hata kama huna!"

"Mwenyekiti, kaa chini," alisema mhasibu kwa sauti ya mgonjwa, "kabla hujamgawia jengo."

Fundi mitambo akanyanyuka, akamimina maji kwenye glasi, akayasogeza mbele ya Bi Alfajiri. Alikuwa anang'ata midomo kuzuia kicheko na mabega yanamcheza. Bi Alfajiri akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Maji yakapita, koo likafunguka, akajisikia mwepesi, angeweza kucheza juu ya ile meza na viatu vyote viwili.

"Nimekubali," alisema.

Bodi nzima ikashusha pumzi. Mwenyekiti akarudi kitini kwa kishindo, akaanza kucheka, wajumbe wakacheka, hata mhasibu akachekea upande mmoja wa mdomo huku anaifungasha mikoba yake haraka haraka.

"Bado kitu kimoja," alisema Bi Alfajiri.

Vicheko vikakatika.

"Mwaka huu mzima nimekalia kiti kile, nikafanya kazi ile ile, na nikalipwa mshahara wangu ule ule wa zamani. Naomba tofauti yake. Kwa hesabu ya mara mbili."

Akaweka glasi mezani, akaegemea kiti. Mwenyekiti akafungua mdomo, na mhasibu, bila aibu yoyote, akamziba kwa kiganja. Chumba kikawa kimya. Bi Alfajiri alisubiri ile hofu yake ije, na haikuja. Alisikia kiyoyozi, akasikia gari likipiga honi huko barabarani, akasikia tumbo la mjumbe mmoja likinguruma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona kwamba kimya ni kitamu, kina nafasi ndani yake, mtu anaweza kunyoosha miguu. Akatabasamu. Angeweza kukaa pale mpaka jioni.

Mhasibu ndiye aliyeanza kusema.