Amesema Nini, Dada?

Matone ya mvuke yalikuwa yakitiririka upande wa ndani wa nailoni ya banda walimolala vibarua, na nyuma yake Chanthou aliona mtu amejikunyata kitandani. Alikuwa ameleta mchele, barakoa na dawa za homa, kama alivyofanya kila wiki tangu maradhi ya kuambukiza yaingie wilayani na wenye mashamba wawakataze vibarua wao wa kigeni kukanyaga mjini. Kituo cha kusaidia wageni kilimtuma yeye kwa kuwa alikuwa Mkambodia aliyeolewa kijijini hapo, na Kikorea chake hakikuwa na makwaruzo.

Ila kazi yake hasa ilikuwa kulainisha. Mzee Gu, mwenye shamba, akifoka kwamba vibarua wake, wasichana watatu wa Kikambodia, ni wavivu, Chanthou aliwaambia kwa lugha yao kuwa mzee anaomba waongeze mwendo kidogo. Wasichana wakilalama kwamba baridi ya bandani inawatafuna mifupa, alimweleza mzee kuwa wanashukuru kwa blanketi. Hakuna aliyegombana, na mama mkwe wake akaendelea kusalimiwa vizuri njiani. Chanthou aliuita huo ujirani mwema.

Siku hiyo Phalla, mmoja wa wasichana hao, hakuinuka kumpokea. Pumzi yake ilikuwa fupi, midomo imegeuka rangi ya majivu.

"Mzee, huyu apelekwe hospitali," Chanthou alisema.

Mzee Gu alisimama mlangoni, barakoa imemshuka kidevuni. Hakuwa mtu katili. Wakati wa joto aliwakatia wasichana matikiti kwa mkono wake mwenyewe. Lakini macho yake yalikuwa kwenye matuta ya spinachi iliyokwisha kuwa tayari kuvunwa.

"Mama Eun-bi," alimwita Chanthou kwa jina la mwanawe, "wakimpima huyu watanifungia shamba. Mimi nile nini? Mafua tu hayo, mpe chai ya tangawizi. Na akifa, basi, wapo wengine wanaosubiri kuja."

"Amesema nini, dada?" Phalla aliuliza.

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni: mzee anakuombea upone. Chanthou aliitazama mikono ya Phalla juu ya blanketi, udongo bado umejaa kwenye kucha, na utamu wa maneno yale ukamkinaisha. Miaka yote hiyo alidhani anawakinga wasichana. Kumbe aliyekuwa akimkinga ni mzee, na nafsi yake mwenyewe.

"Amesema ukifa, wapo wengine."

Phalla alifumba macho. Kisha akacheka, cheko dogo lililoishia kwenye kikohozi.

"Tulijua. Mtu amekunja uso vile, wewe unatuambia anatusalimu. Tulikuwa tunakuita redio ya harusini, tamu muda wote." Akavuta pumzi. "Mwambie nataka kuishi. Usitie sukari."

Chanthou akageuka, akalisema neno lile kama lilivyo. Mzee Gu aliinamisha kichwa. Hakumzuia Chanthou alipotoa simu kuita gari la wagonjwa.

Shamba likafungwa. Spinachi ikaozea kwenye matuta, na wasichana wawili waliobaki wakatengwa bandani, Chanthou akiwaachia chakula nje ya mlango. Nyumbani, mama mkwe alianza kumwekea bakuli lake peke yake.

"Ulikuwa na kinywa kizuri, mwanangu," alimwambia. "Sasa umekitumia kutubomolea jina."

Hospitalini hawakumruhusu kuingia. Wauguzi walimpigia simu awatafsirie, naye alisimama kwenye maegesho ya magari, theluji ikimwangukia mabegani, akisikia simuni mashine zaidi kuliko sauti ya Phalla. Halafu wakampigia mara moja zaidi, na safari hiyo hapakuwa na cha kutafsiri.

Chanthou ndiye aliyempigia mama wa marehemu, huko Prey Veng, Kambodia. Mama alilia hadi sauti ikakauka, kisha akauliza, "Alikuwa na mtu pembeni yake?"

"Hakuwa na mtu, mama. Walinikataza kuingia. Nilikuwa nje."

Simuni walisikika kuku, na pikipiki ikipita mbali.

"Nje, lakini karibu?"

"Dirisha lake nililiona."

"Haya." Mama akapumua. "Na theluji ilikuwepo? Kila mwaka aliahidi kunionyesha kwenye simu, kila mwaka kazi ikambana."

"Ipo, mama. Hata sasa ipo."

"Basi nielezee."

Chanthou alifungua mlango wa jikoni, akatoka uani na kandambili zake, akainama kuitazama theluji iliyochanganyika na matope.

"Hapa uani si nyeupe sana, mama," alianza.