Mianya Aliyoziba Mjomba

Mjomba alikuwa amekaa mbele ya mlango wa zahanati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatabasamu kama bwana harusi. Fundi, mpwa wake wa kike, alipoliona tabasamu lile saa moja asubuhi, akaongeza mwendo. Mara ya mwisho mjomba wake kutabasamu hivyo, alikuwa ameupaka rangi mlango wa jirani bila kuombwa.

"Shikamoo, mjomba. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimekufichia aibu."

Fundi akatazama chini, akashika kichwa. Kuanzia mlangoni hadi hatua kumi kuelekea getini, mianya yote kati ya vitofali vya uwanja ilikuwa imezibwa kwa saruji. Laini, nadhifu, imenyooka kama imepigwa rula.

Na ile mianya ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe! Wiki tatu Fundi, mama wa watu, alichimba uwanja, akajaza kokoto kubwa, akafuatisha ndogo, akapanga vitofali juu yake akiacha nafasi ya kidole, akamwaga humo changarawe ili mvua ipite ishuke zake ardhini. Zege la zamani lilikuwa likipeleka kila tone chumba cha kujifungulia, wauguzi wakazalisha wamevaa mabuti. Jua likiwaka, zege hilohilo liliwachoma nyayo wajawazito kwenye foleni. Hata hivyo muuguzi mkuu hakuuamini uwanja wenye matundu. Alikubali kwa sharti: Jumatatu saa nne boza litamwaga maji, yakiingia ndani, vitofali vinang'olewa, zege linarudi.

Jumatatu yenyewe ndiyo leo.

"Mjomba, si nilikwambia hii inaachwa wazi?"

"Ulisema. Nikajua umeishiwa saruji, unaona haya."

"Nikuonee haya wewe?"

"Miaka arobaini hakuna aliyepitisha hata kijiti kwenye kazi yangu. Nakuja Jumapili kuangalia, napitisha kidole kizima! Watu wangesema nilikufundisha nini?"

"Jumapili watu wanalala, mjomba!"

"Nililala mchana."

Sasa mtu aliyekushikisha mwiko kabla hujajua kufunga kamba za viatu utamwambia nini? Fundi akaleta tindo mbili na nyundo.

"Haya, tugongoe."

"Nibomoe kazi yangu? Hunijui."

Fundi akapiga magoti peke yake. Saruji ya mjomba, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya hali ya juu. Kila mwanya ulidai mapigo ishirini, na kitofali cha tatu kikapasuka.

"Laza tindo," mjomba akaelekeza kutoka kwenye ndoo. "Laza, we mtoto! Unaishika kama kijiko."

"Basi njoo uishike wewe."

"Mimi sibomoi."

Hadi boza linaingia, alikuwa amefungua safu tatu tu upande wa getini. Muuguzi mkuu akatoka na mabuti yake miguuni kabisa. Mama huyu hakuwa na habari ya kuficha anachofikiria.

"Mwaga hapa mlangoni," akamwamuru dereva.

"Sista, tuanzie getini," Fundi akamwomba.

"Kwani watoto wanazaliwa getini?"

Fundi akakubali yaishe. "Hapo pamezibwa, Sista. Hayatapita."

"Nani kaziba?"

Mjomba akainua macho kuchunguza mawingu, ambayo hayakuwepo.

"Ni kosa letu," Fundi akajibu.

Dereva akafungulia. Maji yakateleza juu ya saruji nadhifu ya mjomba, yakapita chini ya mlango, na huko ndani mzazi mmoja akapiga kelele kwamba kandambili zake zinaelea. Dereva akakokota mpira hadi kwenye vitofali vya wazi. Huko maji yalitua, yakachemkachemka kidogo, yakapotea.

"Yameenda wapi?" Muuguzi mkuu aliinama, akaweka kiganja. "Mbona pamepoa?" Kisha akanyooka, uso uleule. "Nina wazazi wawili ndani, na mvua hainiombi ruhusa. Mpaka saa kumi na moja huku nako kuwe hivihivi. La sivyo naita watu wa zege."

Mjomba alichungulia chumbani. Mzazi alikuwa amekunja miguu kitandani, kitanga kimoja cha mkono kimemfunika mtoto, huku mhudumu akisukuma maji kwa ufagio. Mzee akakunja mikono ya shati. Alirudi, akaokota tindo.

"Sogea huko. Kwa unavyogonga, saa kumi na moja itakukuta safu ya nne."

Waligonga bila kula. Mzee alikuwa anafungua mianya miwili Fundi akifungua mmoja, bila kupasua hata kitofali, jambo lililomuudhi Fundi kuliko yote. Saa kumi na moja kasoro, muuguzi mkuu akaleta beseni la maji mwenyewe, akalimwaga mlangoni, akasubiri. Kizingiti kikabaki kikavu.

"Haya," akasema, akaingia ndani. Kwake yeye hicho kilikuwa cheti kamili.

Mjomba akajifuta jasho, akautazama uwanja kwa huzuni ya kweli.

"Inafanya kazi, sikatai. Lakini mpwa wangu, ukipita na mtu anayenifahamu," akashusha sauti, "mwambie mimi nilikuwa safarini."