Nani Aligusa Breki

Siku Stoo, kama wenzake walivyozoea kumwita, alipostaafu kazi ya kutunza stoo ya kiwanda cha rangi, alishika kipaza sauti kwenye hafla ya kumuaga, akatangaza kwamba sasa atamzungusha mke wake nchi nzima. Watu walipiga makofi. Mkewe naye alipiga, maana angefanyaje na macho yote yalikuwa kwake? Hakujua kwamba mwezi haujaisha, mumewe angeleta uani gari-nyumba la dizeli, mtumba wa mtumba, lenye vitanda viwili, jiko, sinki na choo ambacho hakuna aliyethubutu kukifunua.

Mke huyo alikuwa mshonaji, na hakutaka kwenda popote. Alikuwa na kibanda chake kando ya barabara, wateja wa sare waliomzoea, na akiba aliyoidunduliza ili anunue mashine ya ovaloki, kwani mpaka sasa kingo za nguo alizipeleka kwa jirani mwenye maringo. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Miaka yote hiyo yeye na mumewe walionana asubuhi na jioni tu. Kufungiwa naye ndani ya kile kisanduku, bila cherehani ya kukimbilia, kulimtia hofu. Wangeongea nini?

Basi kesho yake ikiwa ndiyo safari ya kwanza, Stoo alipokwenda kunyoa, mshonaji alichukua spana akalegeza waya wa betri. Gari likagoma kuwaka. Stoo alisikitika, ila si sana, akamwita fundi.

Fundi huyo mtaani walimwita Pole, kwa kuwa hakutaja bei yoyote bila kukupa pole kwanza. Alifungua boneti, akaguna, akaushikashika ule waya.

"Pole sana, Mzee," alisema. "Betri imekufa."

Betri ilikuwa haina neno na mshonaji alilijua hilo, lakini angesema amelijuaje? Ikanunuliwa mpya.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Gari lile lilikula pesa hata likiwa limelala. Lilitaka bima, lilitaka ushuru, matairi yalipasuka ubavu kwa kusimama juani, na paa lilivuja pale pale penye mto wa kulalia. Kila safari mpya ilipokaribia, mshonaji alichomoa fyuzi moja, akaificha kwenye kopo la vifungo. Lakini safari nyingine hakugusa kitu, na gari liligoma vilevile: mara dizeli imeingia hewa, mara haivutwi kabisa. Alidhani Mungu yuko upande wake.

Kisha fundi akasema breki zimekwisha zote, na siku hiyo alitoa pole tatu mfululizo. Stoo alikwenda kibandani kwa mkewe, kofia mkononi.

"Mama, nikopeshe. Gari bila breki ni jeneza."

Akiba ya ovaloki ikaondoka yote. Mchana ule mshonaji alishona mshono upande akaufumua, akashona tena, ukaenda upande. Alijikasirikia mwenyewe kuliko alivyolikasirikia gari.

Wiki ya safari nyingine alirudi nyumbani adhuhuri, koleo mkononi, akakuta miguu miwili imetokeza chini ya injini. Aliijua miguu ile.

"Unafanya nini huko chini?"

"Nakaza bomba la dizeli."

"Unakaza huku unafungua?"

Stoo akajivuta nje taratibu. Akaitazama koleo. "Na hiyo ni ya kushonea?"

Stoo akakaa kwenye ngazi ya gari. "Ukweli ni kwamba naogopa. Kiwandani niliendesha pikapu, tena humo humo uani. Nikipishana na lori na hili lidude, nitakufa kabla hatujagongana. Lakini nimeshatangaza, nitarudije nyuma?"

Mshonaji akakaa pembeni yake, akamweleza ya kwake, mpaka ile hofu ya kukosa maneno. Wakacheka hadi wakajifuta machozi. Kisha wakaanza kugawana madhambi. Waya wa betri, mke. Fyuzi, mke. Dizeli kuingia hewa, mume, kila mara.

"Na breki?" aliuliza Stoo.

"Si wewe?"

"Mimi nilitaka lisiende. Sikutaka lishindwe kusimama."

"Mimi hata sijui breki ziko wapi."

Stoo alichukua tochi, akachungulia nyuma ya gurudumu. Miaka yote ya stoo alipokea vipuri vipya, akavijua kwa macho, na pale hapakuwa na hata kimoja. Palikuwa na kutu ya siku nyingi.

Mshonaji akampigia fundi kwa sauti ya asali. "Fundi, kesho tunaondoka, tunapita kule mlimani. Tumeona tukuchukue. Ukae mbele na Mzee, uone kazi yako inavyoshika kwenye mteremko."

Upande wa pili nyundo iliyokuwa ikigonga ilinyamaza.

"Mama," alisema fundi, "nafikiri kuna kitu sikukiweka sawa. Niwaletee breki mpya jioni hii, au niwarudishie pesa?"

Mshonaji akamtazama mumewe. Wameongea tangu adhuhuri, chai ya mchana wameisahau, na bado alikuwa na mengi ya kumuuliza.

"Leta pesa," alisema.

Siku hizi mashine ya ovaloki iko ndani ya gari-nyumba, pale pale uani, imefungwa pale palipokuwa na kitanda kimoja. Yeye hukaa hapo kushona, Stoo hukaa mkabala akitia vifungo vibaya na kubishana naye kutwa. Wenzake wa kiwandani wakipita nje ya ua humuuliza ile safari imeishia wapi.

Stoo hutoa kichwa dirishani, sindano mdomoni.

"Tuko njiani," huwajibu.