Sauti Mbili za Bwana Makoko

Televisheni wakati ule ilikuwa mambo ya Unguja. Sisi wa bara tulikuwa na redio, na ilitutosha, maana mtu ukimsikia bila kumwona unamchora mwenyewe kichwani, na mara nyingi unamchora vibaya kuliko alivyo. Mwalimu Sadick alilijua hilo. Alipopewa somo la uandishi katika chuo kimoja cha wananchi pale Bariadi, chuo ambacho hata madirisha kilikuwa hakijamaliza kuwekewa, alivifungia vitabu kabatini na kulijenga somo zima juu ya mchezo wa redio wa Alhamisi jioni.

Mchezo ulihusu kijiji cha ujamaa na watu wake. Kila Alhamisi wanafunzi walikaa kuizunguka redio ya mwalimu, na kesho yake waliandika yatakayofuata. Mume huyu atamjibu nini mkewe? Jirani yule atakuja kuomba nini? Kazi nzuri, Sadick aliwaahidi, ataituma Dar es Salaam, kwa kuwa wenye mchezo walikuwa wakipokea maandishi ya vyuo.

Kazi nzuri haikuonekana. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliochaguliwa na vijiji vyao, na vijiji haviwachagui wapuuzi. Huwachagua wasemaji wa mikutano. Basi kila walichoandika kikawa mkutano. Katika kazi ya Jilala, mke alipotaka chumvi alianza: "Ndugu mume wangu, katika kuitikia wito wa Taifa letu."

"Huyu ana mume au ana mkutano wa hadhara?" Sadick aliuliza.

Darasa likacheka, Jilala naye akacheka, kisha akaandika mkutano mwingine.

Sadick alikuwa mtoto wa mwenye duka wa palepale mjini, mtu wa maneno ya haraka na subira fupi. Kisukuma alikisikia tangu utotoni, lakini alikisikia akiwa nyuma ya kaunta, kwa hiyo alijua bei za vitu na salamu, basi. Siku moja uvumilivu ulimwishia. Akaweka chaki chini.

"Nileteeni mtu mnayemcheka nyumbani kwenu," alisema. "Mtu wa kweli. Jina mbadilishe, yeye msimbadilishe."

Milembe, binti wa Luhaga wa Nkoma, alikuwa amekaa nyuma kama kawaida yake. Hakuwa amesifiwa hata mara moja tangu aje chuoni, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Usiku ule hakuhangaika kutafuta mtu wa kumwandika. Alimwandika baba yake.

Sasa lazima nieleze jambo, na mtu wa Nkoma akisoma atanikasirikia kwa kulieleza. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote mahali pamoja. Huwagawa, wengine akawapeleka kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au wezi wakija wasiwamalize wote. Huko ndiko kubilisa. Rafiki huyo huwachunga, hunywa maziwa yao, hulima kwa maksai wao, na watu humheshimu kwa zizi lililojaa. Ng'ombe si wake. Majirani wanajua, au wanajua nusu, na hakuna anayesema. Ukimwuliza mtu mbele ya zizi lake ng'ombe hawa ni wa nani, umemtukana. Na miaka ile, mwenye ng'ombe wengi alipokuwa akiitwa kupe, kunyamaza huko kulizidi kuwa na maana.

Ng'ombe wa zizi la Luhaga, ukiondoa wachache, walikuwa wa Mayala wa Bukundi. Milembe alikua akimwona Mayala akija kuwatazama. Baba yake alikuwa na sauti mbili. Nje, majirani wakipita, aliwaita ng'ombe kwa majina kwa sauti nene iliyovuka barabara. Mayala akifika, sauti ile ilibaki uani. Ndani ilisikika nyingine, nyembamba, "Ndiyo kaka, sawa kaka," na Luhaga alimwachia mgeni kigoda na kuketi sakafuni kwenye nyumba yake mwenyewe. Watoto walikuwa wakienda nyuma ya nyumba kuiga sauti zile mpaka mbavu ziwaume. Walimcheka kwa kumpenda, kama watoto wanavyowacheka wazazi wao.

Milembe aliyaandika yote. Baba akawa Bwana Makoko, Nkoma ikawa kijiji kisicho na jina. Alipoyasoma darasani akiigiza sauti zote mbili, Jilala aliegemea meza akashindwa kuinuka. Sadick alitoa leso akajifuta macho.

"Hii hali ya kufuga ng'ombe wa mwenzako ipo kweli?" aliuliza.

"Ipo, mwalimu."

"Na huyu Makoko?"

"Nimemtunga."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la uongo. Alilisema bila kufikiri, na sifa zilizofuata zilikuwa tamu mno hata hakuwa na haja ya kulifikiria baadaye. Sadick alisema mbele ya wote kwamba hatimaye darasa lina mwandishi. Akamwomba ruhusa kazi ile iende Dar es Salaam, ila iongezwe funzo mwishoni, kwa sababu redio haipendi kicheko kitupu. Waliongeza pamoja: bwana shamba anafika, anagundua ng'ombe ni wa tajiri aliyejificha, anamwita kupe, kijiji kinashangilia. Milembe aliona kipande hicho ni kibovu. Hakusema. Alikuwa akiwaza redio ya Nkoma, ile moja ya ofisi ya kijiji, ambayo betri zake zilikuwa zimekufa tangu mavuno, na betri madukani zilikuwa adimu. Nani atasikia?

Jibu lilikuja kutoka Dar es Salaam: kazi imekubaliwa, itatangazwa Alhamisi hii, na jina la mwandishi litatajwa.

Siku ya soko Luhaga alifika chuoni na kifuko cha michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya binti yake, kama alivyozoea kila anapokuja mjini. Walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta wakisemezana Kisukuma, habari za nyumbani, za mvua na za ndama aliyezaliwa, Sadick alipowaona akaja mbio.

"Mzee, umeshaambiwa? Binti yako atasikika redioni Alhamisi. Nchi nzima itamsikia."

Luhaga alivua kofia. Akamtazama mwalimu, akamtazama binti yake, akaivaa tena.

"Huyu?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Huyuhuyu. Ni fundi, mzee. Sijapata mwanafunzi kama yeye."

Luhaga alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepewa kitu kikubwa asijue pa kukiweka. Akamgeukia Milembe, akarudi kwenye Kisukuma chao, akamwita mama kama alivyozoea.

"Umeandika nini, mayu?"

Hapo ndipo mambo yote yangeweza kugeuka. Baba yuko mbele yake, hana haraka, anauliza kwa nia njema. Angemvuta kando akamwambia. Angeweza hata kumwomba mwalimu asimamishe. Kwa simu ya posta ingewezekana, au isingewezekana, lakini angejaribu. Heshima ya baba yake ilikuwa mikononi mwake wakati ule, na yeye alijua. Nasema alijua, kwa sababu masikio yalimwaka moto.

"Mambo ya kijiji tu, baba," alisema.

"Vizuri. Basi nitafute betri."

"Betri hazipatikani."

"Zitapatikana," alisema Luhaga, na sauti yake ilikuwa ile nene. Alizunguka mjini mchana kutwa. Jioni Jilala alimwona akipanda lori la pamba, betri amezifunga kwenye kitambaa na kuzipakata.

Alhamisi darasa lilikaa kuizunguka redio. Mtangazaji akasema: mwandishi ni Milembe Luhaga, wa Nkoma, wilaya ya Bariadi. Wakampigia makofi. Kisha mwigizaji wa Dar es Salaam akafungua kinywa, na sauti nene ikaita ng'ombe kwa namna ambayo hata Milembe aliyeiandika alishtuka. Yule bwana hakuwahi kufika Nkoma, lakini alimwigiza Luhaga barabara, mpaka kikohozi. Darasa lilipoanza kucheka, Milembe alitazama miguu yake. Sauti nyembamba ilipokuja, "Ndiyo kaka, sawa kaka," alinyanyuka akasema anakwenda kunywa maji. Alisimama nje kwenye mtungi na kikombe kitupu, akisikia watu wakimcheka baba yake kupitia dirisha lisilo na kioo.

Sadick alimfuata, akadhani ni furaha imemzidi. "Zoea," alimwambia. "Wote huwa hivyo mara ya kwanza."

Hakumwambia hata yeye. Jumamosi aliomba ruhusa, akapata lori la kwenda Nkoma.

Zizi aliliona kutoka barabarani. Mlango wa miti ulikuwa umewekwa kando, na ndani kulikuwa na samadi inayokauka, ndama mmoja, na wale ng'ombe wao wachache wamejibanza pembeni. Mama yake, Nyanjige, alikuwa akichambua mboga. Hakuacha kazi.

"Wamekwenda," alisema.

"Mayala?"

"Ulimwita kupe kwenye redio, na Bukundi nako wana redio. Ulitaka asubiri wamfuate na karatasi? Jana alikuja na ndugu zake. Wakawaswaga mchana kweupe, wakapita mbele ya ofisi ya kijiji." Alitupa shina la mboga. "Hakuingia ndani hata kunywa maji. Wamejuana na baba yako tangu hawajaoa."

"Baba alikuwa wapi wakati wa mchezo?"

"Mbele kabisa. Betri ni zake, wangemweka wapi? Jina lako lilipotajwa watu walimpa mkono. Yule mtu alipoanza kuita ng'ombe, baba yako alicheka kuliko wote. Akapiga paja, akasema, huyu namjua, watu wa hivi wapo. Aliyekaa jirani yake akamtazama, kisha na wengine. Akaendelea kucheka peke yake." Nyanjige alivuta fungu jingine la mboga. "Halafu ikaja ile sauti nyingine, ya ndani. Hiyo aliitambua."

"Akatoka?"

"Atoke aende wapi? Alikaa mpaka mwisho, kwa sababu kazi ni ya mwanawe. Wengine ndio waliotoka, mmoja mmoja, wasimwone. Ukija kuandika mwingine, andika na hilo."

Luhaga alikuwa nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe la mkono. Maksai walikuwa wamekwenda pamoja na wenzao, na shamba la pamba lilikuwa bado halijaguswa. Milembe alipiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

Baba yake alisimama. Akapangusa kigoda alichokuwa amekalia, akakisogeza kwa binti yake, na yeye akaketi juu ya gogo.

"Karibu," alisema. "Habari za chuo? Mwalimu hajambo?"

Alisema kwa Kiswahili. Tangu azaliwe Milembe hakuwahi kusemeshwa Kiswahili na baba yake. Kilikuwa cha mwalimu, cha bwana shamba, cha mtu wa kodi, watu ambao mbele yao Luhaga alichagua maneno na kuweka mikono magotini. Sasa aliiweka mikono magotini.

Milembe alijibu kwa Kisukuma, akaeleza yote, jinsi alivyodhani betri hazitapatikana, jinsi alivyomficha pale ukutani. Hakujitetea. Alilia kama mtoto, kamasi na machozi. Baba yake alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu, hakumkatisha.

"Yamekwisha," alisema mwishoni, kwa Kiswahili kilekile. "Uliandika vizuri. Kila mtu alisema."

"Baba, naomba uniseme kwa Kisukuma. Nitukane, lakini kwa Kisukuma."

Luhaga aliugeuza mpini mkononi, akatazama kama umenyooka.

"Kiswahili ninacho kidogo," alisema. "Nikitumia hicho, nasema machache. Ni bora."

Hakukuwa na hasira usoni mwake. Milembe aliitafuta hasira ile, angeipokea kama zawadi, na hakuiona.

Walikula pamoja. Alipewa kipande kizuri cha samaki na akaambiwa karibu, kama mtu wa ofisini. Baada ya chakula alitoka kwenda kuosha vyombo, na mlango ukabaki wazi. Akiwa ameinama kwenye karai alisikia baba yake akianza kusimulia ndani, kwa Kisukuma, kwa sauti yake ya kawaida, si ile nene wala ile nyembamba, sauti ambayo Milembe hakuikumbuka alipokuwa akiandika. Alikuwa akimweleza mama jinsi dume kubwa la Mayala lilivyokataa kuondoka, likageuka mbele ya ofisi ya kijiji, na jinsi Mayala alivyolibembeleza mbele ya watu kama mtu anayebembeleza mke aliyekasirika. Alisimulia vizuri. Alikuwa na subira, alijua pa kunyamaza. Mama alicheka kwanza puani, halafu kweli.

Milembe naye akacheka, pale nje, mikono ikiwa majini, kabla hajajua kwamba amecheka.

Ndani wakanyamaza.

"Nani hapo?" baba yake aliuliza kwa Kiswahili.

"Ni mimi, baba."

Alingoja waendelee. Alisikia mama yake akiinuka, na mlango ukasukumwa taratibu ukafungwa.