Nani Kanipiga Teke

Springi hakuweza kukaa. Mtu mwingine akikatika kano ya kisigino hujilaza, huletewa chai kitandani, huangalia televisheni mpaka achoke nayo. Yeye alizunguka sebuleni na magongo yake, ko, ko, ko, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, mpaka mpangaji wa chini akapanda ngazi kuuliza kama kuna mtu anapigilia misumari.

"Samahani sana, jirani," mume wake akamjibu. "Ni mke wangu anapumzika."

Mume huyo alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole wa maneno machache, na mkewe naye alimwita Fundi kama wateja walivyomwita. Siku hizi hata hayo maneno machache yalikuwa yamepungua. Alirudi kutoka kazini, akanawa mikono, akala kimya, akaosha sahani yake. Springi alijua sababu, na kujua huko kulimfanya azunguke zaidi.

Kabla ya yote haya, Springi alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa kuotea mbali. Jina alipewa na mashabiki kwa jinsi alivyoruka, kwamba wenzake wakishaanza kushuka yeye ndiyo kwanza anapanda. Wifi yake, mdogo wake Fundi, alikuwa akicheza nafasi hiyohiyo katika timu hiyohiyo, ila yeye alikaa benchi akisubiri zamu. Springi ndiye aliyemleta, akamnunulia na viatu vya kwanza, akamfundisha jinsi ya kumkalia mtu mgongoni bila kuitiwa kosa. Wakawa chanda na pete. Ukimuona mmoja sokoni, mwingine hayuko mbali, anabishana bei.

Kisha ikaja ile jioni ya mazoezi. Mpira uligonga ubao, Springi akajikunja kuufuata, na kabla nyayo hazijaachana na sakafu akapigwa teke kisiginoni. Pa! Mlio wenyewe aliusikia. Akaanguka, akageuka na ngumi yake imeshakunjwa, amtazame huyo mshenzi ni nani. Nyuma yake alisimama wifi, mikono juu, macho kwenye mpira.

"Umenipiga teke!"

"Mimi? Wifi, sijakugusa!"

"Umenipiga teke, unataka nafasi yangu!"

Hakuna aliyeona miguu, maana kila mtu alikuwa akitazama mpira. Lakini Springi alikuwa Springi, na neno lake klabuni lilikuwa na uzito. Yeye alipelekwa kufanyiwa upasuaji, wifi akasimamishwa. Uongozi ukasema Springi akishaweza kutembea vizuri kutakuwa na kikao cha nidhamu, na pale atasema mbele ya wote kilichotokea. Akishikilia neno lake, binti anafukuzwa moja kwa moja. Tangu hapo wifi hakukanyaga tena nyumbani kwa kaka yake. Mama mkwe alikuwa akipiga simu, anamsalimia Springi kwa adabu zote, kisha anaomba kuongea na mwanawe, na Fundi anatoka nayo nje.

Magongo yakaisha, likaja buti la plastiki, nalo likaisha. Zikabaki safari za kwa mtaalamu wa viungo, kijana mcheshi aliyekuwa na chumba chenye mikeka, baiskeli isiyokwenda popote na mipira mikubwa ya kukalia. Springi alimtesa. Akiambiwa afanye zoezi kidogo, alilifanya mara mbili na kuuliza lijalo. Akiambiwa apumzike, alitikisa goti kama mtu anayesubiri choo.

Zoezi moja tu ndilo lililomshinda, nalo lilikuwa rahisi kuliko yote: simama kwa mguu ule ulioshonwa, nyanyua kisigino, simamia vidole, shuka. Hapo ndipo visingizio vilipomiminika. Leo mguu umechoka, leo sakafu inateleza, leo soksi imembana.

"Dada," yule kijana alimwambia siku moja, "kuna jambo nimeliona. Nikikuweka katikati ya chumba, unarudi mwenyewe ukutani. Unaogopa nini huko nyuma?"

"Siogopi kitu."

Lakini mgongo wake ulikuwa umeshagusa ukuta. Hata barabarani alikuwa na tabia hiyo mpya ya kugeuka kila akisikia viatu vya mtu. Alijiambia ni kawaida. Aliyepigwa mara moja lazima awe macho.

Siku iliyotangulia kikao, alimkuta pale mgonjwa mpya, mwenye bucha mmoja, tumbo mbele, mguu kwenye buti kama lile alilolivaa yeye. Springi akapanda baiskeli, akaanza kukanyaga kama anakimbizwa. Mwenye bucha alikuwa anasimulia, na hakuhitaji kuombwa.

"Tunacheza mpira mimi na wazee wenzangu, kujitoa vitambi. Nachomoka niuwahi mpira, mtu akanitandika teke la kisigino, pa! Nikasimama kwa mguu mmoja, nikamkunja shati golikipa wetu. Masikini, golikipa mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa amekuja kuniokota! Nyuma yangu hapakuwa na mtu, kulikuwa na kile kibendera cha kona."

Kijana wa viungo alicheka mpaka akafuta macho. "Mzee wangu, sijawahi kupata mgonjwa wa kano hii ambaye hakupigwa teke. Wote huniuliza nani kawapiga. Mmoja alipigwa akiwa peke yake chumbani, anarukia ndala yake. Ile kano ikikatika inatoa mshindo, na mwili unadhani pigo limetoka nje."

Baiskeli ilisimama.

"Mimi nyuma yangu kulikuwa na mtu," Springi akasema.

Kicheko kikamkauka kijana. Habari za wifi alikuwa amezisikia, nani asiyezisikia? "Sikuwepo, dada, siwezi kuapa. Mtu anaweza kupigwa kweli. Siku ile kisigino kilikuwa na alama yoyote? Jeraha, hata mchubuko?"

Springi alishuka kwenye baiskeli. Alivaa kiatu chake, akatoka kabla ya saa yake kwisha. Njiani akaukumbuka usiku ule wa kwanza, kabla ya upasuaji, Fundi amepiga magoti na beseni la maji, anamwosha ule mguu taratibu. Ulikuwa umevimba, lakini ngozi yenyewe ilikuwa safi. Aliiona kwa macho yake, na akaamua kutoiona.

Jioni alizunguka sebuleni bila magongo, na safari hii hata mpangaji wa chini asingemsikia. Fundi alikuwa mezani, amechomoa injini ya jokofu la mtu, anaipangusa.

"Fundi. Jokofu linaweza kufa lenyewe tu? Bila mtu kuligusa?"

"Mengi hufa hivyo. Linachoka ndani kwa ndani, siku moja, basi." Akaendelea kupangusa. "Ila wenyewe hawakubali kabisa. Lazima atafutwe mtoto aliyebamiza mlango."

Kitambaa mkononi, akainua macho kumtazama mkewe. Springi akakwepa macho hayo, akaenda dirishani.

Ukweli usemwe: hakuwa anaona huruma wakati ule. Alikuwa anaogopa. Aliyekupiga teke anafukuzwa, unarudi uwanjani, yamekwisha. Kama hakuna aliyekupiga, utamfukuza nani? Ule mguu utaupeleka kikao gani cha nidhamu? Ulimwangusha siku isiyo na mechi, kwa kuruka kule alikoruka tangu utotoni, na unaweza kumwangusha tena kesho, wenyewe au ule wa pili. Miezi yote hii alikuwa anamhitaji mpiga teke. Wifi alikuwa karibu, basi akawa yeye.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya klabu, chumba kidogo kando ya uwanja, viti vya plastiki na feni inayolalamika. Kocha alikuwepo, katibu na faili lake, wachezaji wamejipanga ukutani. Wifi aliingia wa mwisho. Alikuwa amekonda, na ile shingo aliyozoea kuivimbisha akifunga kikapu ilikuwa imeingia mabegani.

Katibu alikohoa ili afungue kikao. Kabla hajasema neno, wifi akasimama.

"Msisumbuke. Nilimpiga. Sikukusudia, ila nilimpiga. Nifukuzeni."

Chumba kizima kikavuta pumzi. Springi akahisi mwili wake ukiwa mwepesi, mwepesi kabisa, kama siku za zamani. Basi teke lilikuwepo! Mguu wake haukuwa na kosa, angeweza kuuamini tena, angeruka. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, na kukaa kimya si dhambi. Furaha ikampanda mpaka kooni, na papo hapo akaionea aibu.

"Kwa mguu gani?" akauliza.

Wifi akainama, akaitazama miguu yake, mmoja, kisha mwingine. "Wa kulia." Akatikisa kichwa. "Au... Wifi, sijui. Nimeurudia ule mchezo kichwani usiku na mchana, mpaka nimeanza kukihisi kisigino chako kwenye vidole vyangu. Mama analia, kaka haongei. Nikaona bora iwe ni mimi, yaishe."

Springi alisimama. Alitaka kuuegemea ukuta, lakini ukuta ulikuwa umejaa wachezaji, akasimama hivyohivyo.

"Kaa chini, wifi. Hukunigusa."

"Wewe mwenyewe ulisema," katibu akadakia, kidole kwenye faili. "Mbele ya watu."

"Nilisema, na nilikosea. Kano ilikatika yenyewe. Nilitaka iwe kosa la mtu, nikamchukua aliyekuwa karibu." Akamgeukia wifi. "Nisamehe, wifi yangu. Nimekusingizia."

Wifi alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mchezaji wa jirani akamvuta kifuani.

Kocha alikuwa mtu wa kazi, hakupenda machozi. Aliwaacha kidogo, kisha akauliza lile swali ambalo Springi alilikimbia sebule nzima. "Sasa kama ilikatika yenyewe, si inaweza kukatika tena?"

"Inaweza, kocha. Sijui."

Alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti. Feni ikaendelea kulalamika, na yeye alikuwa bado amesimama.

Walipotoka, wengine walielekea getini. Springi akamshika wifi mkono, akamwongoza hadi chini ya kikapu, mahali palepale. Akavua kiatu na soksi. Kovu lilionekana, jekundu, limepanda juu ya kisigino.

"Simama nyuma yangu."

"Nani, mimi?" Wifi akarudi nyuma, macho bado mekundu. "Huko sisogei hata kwa dawa!"

"Nakuomba. Karibu zaidi. Kama siku ile."

Wifi akasogea hatua za kuibia. Mbele ya Springi uwanja ulikuwa mtupu, hapakuwa na ukuta wala cha kushika, na nyuma yake alisikia pumzi ya mtu. Shingo ilimwasha igeuke, akaikataza. Akaukunja mguu wa pili, ule mzima, uzito wote ukauendea ule ulioshonwa. Akapiga moyo konde, akanyanyua kisigino. Mguu ulitetemeka mpaka pajani. Kisigino kikaachana na sakafu, upana wa kidole tu, kikaganda hapo, kikashuka.

Jasho lilimtoka kama amecheza mechi nzima.

"Umeona?" akauliza bila kugeuka.

"Sijaona. Nilifumba macho."

"Basi fumbua," Springi akasema. "Narudia."