Eda ya Mume Aliye Hai

Mwanamina hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini Ijumaa ile ya Agosti 1982 alipiga ukwenzi ukasikika mtaa mzima wa Shela, Malindi. Majirani wakajaa uani. Akawaambia, kamasi zikimtoka, kwamba habari imekuja kutoka Nairobi: mwanawe Hamad, fundi wa ndege za jeshi, ameuawa Jumapili katika yale mapinduzi yaliyoshindwa, na maiti haikupatikana.

Uongo mtupu! Hamad alikuwa chumba cha ndani, kajikunyata chini ya kitanda cha mkewe. Alifika jana yake ndani ya lori la vitunguu, kavaa suruali ya mtu mwingine.

"Mama, sikupiga hata risasi moja," alisema. "Waliniamsha, wakanipa bunduki, nikaishika. Basi."

Redio ilikuwa ikiwataka wanajeshi wa anga wote wajisalimishe, na waliokwisha kujisalimisha hakuna aliyejua wako wapi. Mama gani angempeleka mwanawe huko? Labda wako wewe. Si huyu.

Mpango wake ulikuwa huu. Mjane akikaa eda, miezi minne na siku kumi hatoki nje, wala haonwi na mwanamume wa kando. Basi Saleha, mkewe Hamad, akae eda, na Hamad akae humo humo chumbani. Mtu na mkewe, haramu iko wapi?

"Mama, tumswalie mtu hai?" Saleha aliuliza.

"Mungu nitamjibu mimi. Wewe vaa nguo nyeupe."

Hitima ikasomwa. Msikitini wakamswalia Hamad swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo. Mwenyewe, nyuma ya pazia, aliwasikia wazee wakimmwagia sifa, akamnong'oneza mkewe, "Kumbe nilikuwa mwema hivi! Mbona hamkuniambia mapema?" Saleha alimfinya, akacheka, kisha akalia.

Wanajeshi walikuja siku ya tisa, saa nne asubuhi. Walipindua magodoro, wakamwaga mchele. Walipofika mlango wa ndani, polisi wa mjini aliyewaongoza alisema, "Afande, humo yumo mjane. Yuko edani." Afande akasita. Mwanamina alijitupa kizingitini akalia kilio ambacho, wallahi, hakuwa akikiigiza tena. Wakaondoka. Tangu siku ile alijiona mjanja kupita wanaume wote wenye bunduki, akawa anatembea sokoni akipewa pole na kuzipokea bila haya.

Siku zikenda. Mwanzoni mwa Desemba eda ikawa inakwisha. Wanawake wangekuja kumkogesha Saleha, kumpamba, kufungua madirisha na kufagia chumba, kwa hiyo Hamad ilibidi atoke. Mwanamina akapanga tena: asubuhi ya siku hiyo, kabla hawajafika, avae buibui la mama yake, apande gari hadi Gongoni, ng'ambo ya mto Sabaki, kwenye mashamba ya chumvi, ambako rafiki yake angempatia kibarua kwa jina jingine.

"Mama, nimechoka kuwa maiti," Hamad alisema. "Wenzangu wanashtakiwa, wanafungwa. Mfungwa hutoka. Niache nijisalimishe."

"Thubutu! Nimekufikisha hapa kwa akili ya nani? Vaa."

Akavaa. Alikuwa mtoto mtiifu, maskini.

Saa tano nyumba ilikuwa imejaa udi, halua na vigelegele. Saleha alikaa katikati, nywele zingali mbichi, wanawake wakimtania kwamba bado kijana na waposaji watapanga foleni. Ndipo alipoingia jirani yao Jaha, anacheka hata hawezi kusema.

"Jamani! Mmesikia ya daraja la Sabaki? Mwanamume kavaa buibui! Kaambiwa na polisi afunue uso, akatimua mbio, wakamlaza chini kwa risasi. Yuko hospitali, chumba cha maiti, hajulikani kwao. Kesho watamfukia hivyo hivyo."

Wanawake walicheka. Saleha alimtazama mama mkwe wake.

Mwanamina aliweka chini chetezo cha udi. Akinyamaza, nyumba imesalimika: Hamad alikufa Agosti, na mji mzima ni shahidi. Lakini mwanawe atazikwa hajaoshwa, hajavikwa sanda, hajaswaliwa. Alimvuta Saleha pembeni.

"Wewe hukujua kitu. Mimi ndiye niliyekulazimisha, na hivyo ndivyo utakavyosema. Umesikia?"

"Mama..."

"Umesikia?"

Akatoka na leso kichwani tu, kwa kuwa buibui lake lilikuwa limekwenda na mwanawe. Watu walimkodolea macho njia nzima, asijali hata mmoja.

Askari mlangoni pa chumba cha maiti alikuwa mtu wa mjini. Alimwamkia, "Shikamoo, bi Mwanamina. Kuna nini?"

"Nimemfuata aliyeletwa kutoka darajani. Ni mwanangu Hamad."

Askari alimtazama kwa huruma, akidhani amerukwa na akili. "Bibi, Hamad alishafariki. Hitima yake hata mimi nilikula."

"Alikuwa hai," Mwanamina alisema. "Mlikula uongo wangu. Leo asubuhi aliniomba nimwache aje kwenu kwa miguu yake, nikamkataza. Nipeni aoshwe, aswaliwe, kisha mnifunge."